Saa za Dobe: kisa cha daftari la siku 28

Kila ninapofundisha wadadisi wapya, yaani wakusanya takwimu wa kaya, kujaza daftari la matumizi ya muda linaloonyesha mtu alivyoitumia siku yake, hakosi mmoja wa kuuliza: hivi ni kweli watu wa kale walifanya kazi saa 15 tu kwa wiki, na sisi tunahangaika hivi? Swali linaulizwa kwa uchungu. Anayeuliza ameamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, na atarudi nyumbani watoto wameshalala. Kwa hiyo simjibu kwa haraka. Namsimulia kisa cha Dobe, kwa sababu dai hilo kwa sehemu kubwa lilizaliwa huko, na ndani yake mna jambo ambalo mdadisi anapaswa kulijua kabla hajapiga hodi kwenye kaya ya mtu.

Kisa ni cha kweli. Watafiti nimewataja kwa kuwa kazi zao ni za hadharani. Wanakambi nimewaondolea majina, hata yule ambaye jina lake lilipata kuchapishwa.

Usuli

Dobe ni mahali penye maji kaskazini magharibi mwa Botswana, karibu kabisa na mpaka wa Namibia, katika nyika ya Kalahari. Mwaka 1964 nchi ile ilikuwa bado chini ya Uingereza, ikiitwa Bechuanaland. Waliokaa hapo walikuwa watu wa jamii ya Ju/'hoansi, ambao maandishi ya zamani huwaita !Kung. Waliwinda kwa mishale ya sumu, wakachuma na kuchimba chakula porini. Majirani zao walikuwa Waherero, watu wa ng'ombe.

Chakula chao kikuu kilikuwa mongongo. Ni mti unaoangusha matunda yenye nyama kidogo juu na kokwa ngumu ndani, na ndani ya kokwa mna mbegu yenye mafuta na protini nyingi. Kokwa hukaa chini ya mti miezi mingi bila kuharibika, hivyo mtu huweza kuokota leo kilichoanguka msimu uliopita. Mwanamume mmoja wa eneo lile alipoulizwa kwa nini wao hawalimi, alijibu kwa swali: kwa nini tupande, na mongongo zimejaa duniani?

Mwaka ule ulikuwa wa ukame mkali. Ajabu ni kwamba walioumia zaidi walikuwa wenye mifugo na mashamba, hata wanawake wa Kiherero wakawa wanafuatana na wenzao wa Ju/'hoansi kwenda kuchuma porini.

Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba wawindaji huishi kwa kuhangaika kutwa kucha, tumbo likiwafukuza kutoka kichaka hadi kichaka, bila nafasi hata ya kukaa na kufikiri. Imani hiyo ilirithiwa tu. Waliokuwa wamekaa kambini na kuhesabu walikuwa wachache sana.

Yaliyotokea

Kuanzia tarehe 6 Julai hadi tarehe 2 Agosti 1964, mwanaanthropolojia Richard Lee aliweka daftari katika kambi moja ya Dobe. Kila siku aliandika nani yupo, nani ametoka kutafuta chakula, na karudi na nini. Idadi ya watu ilipanda na kushuka, maana wageni waliingia na wenyeji wakaenda kuwatembelea ndugu zao. Kwa wastani walikuwa kama watu 31 kwa siku.

Wiki ya pili iliharibika. Lee mwenyewe aligawa chakula kambini, na watu, kama ambavyo mimi au wewe tungefanya, wakapunguza kutoka. Aliliandika jambo hilo waziwazi, na akatoa hesabu mbili: moja yenye wiki hiyo, nyingine bila hiyo. Huwa nasimama hapa darasani. Daftari linalokiri kwamba mwandishi wake aliingia ndani ya hesabu ni daftari la mtu wa kuaminika.

Hesabu ilipofungwa, ikaonekana mtu mzima alitoka kutafuta chakula kama siku mbili na nusu kwa wiki. Siku moja ya kutoka ilichukua takriban saa sita. Ndipo zikapatikana zile saa 12 hadi 19 kwa wiki, ambazo baadaye midomo ya watu ilizifanya 15. Aliyejituma kuliko wote alikuwa mwindaji aliyetoka siku 16 kati ya zile 28, na hata yeye hakuvuka saa 32 kwa wiki. Chakula kilitosha: kalori 2,140 kwa kila mtu kwa siku, huku mahitaji yakikadiriwa kuwa 1,975.

Picha iliyoambatana na tarakimu hizo ilikuwa ya kuvutia. Mwanamke alikusanya kwa siku moja chakula cha kulisha familia yake siku tatu, na siku zilizobaki akapumzika, akatarizi, akapokea wageni au akaenda kuwa mgeni. Mwanamume aliweza kuwinda wiki nzima, kisha akakaa wiki mbili au tatu bila kugusa upinde. Usiku palichezwa ngoma. Vijana hawakutegemewa kulisha mtu mpaka waoe au waolewe. Wazee waliopita miaka 60 walikuwa karibu mtu mmoja kati ya kumi katika eneo zima, na walitunzwa.

Aprili 1966 wasomi walikutana Chicago kuzungumzia jamii za wawindaji, na hesabu ya Dobe ikawekwa mezani. Mwanaanthropolojia Marshall Sahlins akaichukua, akaiunganisha na rekodi za wawindaji wenyeji wa Arnhem Land, Australia, za mwaka 1948, na makadirio ya mwanaanthropolojia James Woodburn kuhusu Wahadzabe wa ziwa Eyasi hapa Tanzania. Woodburn alisema huenda walitumia chini ya saa mbili kwa siku kutafuta chakula, na kwamba wanaume wao walikaa kutwa wakicheza kamari ya vipande vya magome ya mti, dau likiwa mishale. Sahlins akahitimisha kwamba hizi ndizo zilizokuwa jamii za kwanza za neema: watu wenye vingi kwa sababu walihitaji vichache, na wenye wasaa kuliko mfanyakazi wa kiwanda.

Kisha ikaja sehemu ya kisa ambayo haisimuliwi. Lee alizirudia kumbukumbu zake za mwezi uleule na kuuliza: je, mbali na kutafuta chakula, watu walifanya nini kingine kwa mikono yao? Mwaka 1979 alitoa hesabu pana. Mwanamume: chakula saa 21.6 kwa wiki, kutengeneza na kukarabati zana saa 7.5, kazi za nyumbani saa 15.4. Jumla saa 44.5. Mwanamke: chakula saa 12.6, zana saa 5.1, kazi za nyumbani saa 22.4. Jumla saa 40.1.

Kambi ni ileile, na mwezi ni uleule. Kutoka 15 tumefika 40 na ushei.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa wa kwanza ulikuwa kuita "kazi" kile tu kinachofanyika nje ya kambi kutafuta chakula. Siulaumu. Hoja iliyokuwa ikijibiwa ilikuwa ya njaa: je, wawindaji wanataabika kupata chakula? Kwa swali hilo, saa za kutafuta chakula ndizo zilizotakiwa, na jibu la Lee lilikuwa sahihi na lilihitajika. Liliwaondolea watu wa Kalahari dharau iliyokuwa imewakalia kwa vizazi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuhesabu siku, kisha kuzigeuza kuwa saa. Kwa mtu mmoja mwenye daftari moja, watu 31 na njia nyingi za kuingia porini, hakukuwa na namna rahisi zaidi. Lakini kuna gharama yake: aliyeonekana kambini aliingia kwenye safu ya wasiotoka, na safu hiyo katika macho ya msomaji ikageuka kuwa ya waliopumzika.

Uamuzi wa tatu haukuwa wa Lee peke yake. Ulikuwa wa kuichukua tarakimu iliyojibu swali la njaa na kuitumia kujibu swali la wasaa. Sahlins alikuwa akipigana na fikra kwamba binadamu kwa asili hatosheki, na kwa vita hiyo tarakimu ndogo ilikuwa silaha nzuri. Namwelewa. Ila kutoka hapo tarakimu ilitembea peke yake, bila masharti iliyozaliwa nayo.

Wa nne ni ule wa Lee kurudi kwenye kumbukumbu zake na kupanua maana ya kazi, akijua kwamba hesabu mpya ingeipunguzia mvuto ile ya kwanza. Huu ndio ninaowaombea wanafunzi wangu wauige.

Matokeo

Hesabu ya kwanza ilienea. Ya pili ilibaki kwa wanaoisoma. Mpaka leo mtu akitaja saa 15 watu huitikia kwa kichwa. Ukitaja 42, ambao ndio wastani wa wanaume na wanawake kwa pamoja, wanakuuliza umeitoa wapi.

Uchambuzi

Tuanze jikoni, maana ndiko saa zilikopotelea.

Itazame kokwa ya mongongo. Imeshaokotwa, imeshabebwa, imefika kambini. Kwa daftari la kwanza kazi imekwisha. Sasa mwanamke anakaa chini, anaiweka juu ya jiwe, anaishika kwa vidole viwili na kuigonga kwa jiwe la mkononi, mara moja, mara ya pili, mara kadhaa, mpaka ipasuke kwenye mstari wake. Akipiga vibaya, mbegu inasagika na ganda, au kidole ndicho kinacholipia. Kokwa moja hutoa mbegu ndogo tu. Baada ya hapo ni kinu na mchi. Kuna kuni za kutafuta, moto wa kuchochea, maji ya kuteka na kubeba, baadhi yake kwenye maganda ya mayai ya mbuni. Kwa mwanamke wa Dobe zaidi ya theluthi mbili ya kazi yake yote haikuwamo kwenye hesabu ya kwanza. Kwa mwanamume ilikuwa nusu.

Hili halikunishangaza nilipolisoma, kwa sababu nilikuwa nimeshalifanya kosa lenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilikuwa katika kijiji kimoja, wilaya sitaitaja, nikiwa na dodoso ambalo swali lake la kwanza lilikuwa "Jana ulifanya kazi gani?" Nikamkuta mama mmoja uani, ungo wa kunde mapajani, mjukuu kalala mgongoni kwa kanga. Nikamsalimu, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikauliza swali langu. Akajibu bila kuinua macho kwenye ungo: "Jana sikufanya kazi, mwanangu. Nilikuwepo tu nyumbani." Nikaandika sifuri. Vidole vyake havikuwa vimesimama tangu nilipoingia, na mimi nikaandika sifuri, kwa sababu dodoso liliniruhusu na yeye mwenyewe alikubali. Neno "kazi" kwetu limeshikwa na mshahara na jembe. Mengine tunayaita kukaa nyumbani. Lee aliandika kwa Kiingereza, ila mtego ulikuwa mmoja.

Sidhani ni bahati tu kwamba rekodi za Arnhem Land, ambazo mmoja wa waandishi wake alikuwa mtaalamu wa lishe, Margaret McArthur, zilihesabu kutafuta chakula pamoja na kukiandaa. Huko zilipatikana saa nne hadi tano kwa siku, yaani kama 28 hadi 35 kwa wiki. Lakini nazo zilitoka kwenye kambi mbili zilizotazamwa kwa siku chache, na mojawapo haikuwa na mtoto hata mmoja. Na Wahadzabe? Yale makadirio ya saa mbili hayakutokana na daftari la kila siku. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walipowafuata wanawake wa Kihadzabe hatua kwa hatua, waliwakuta bibi wakichimba mizizi kwa saa nyingi, kuwazidi hata mabinti zao. Kumbe kamari ya wanaume chini ya mti ilikuwa ya kweli, na jasho la bibi kule mwambani lilikuwa la kweli vilevile. Tofauti ilikuwa nani alifuatwa na kalamu.

Watoto bado wako nje ya hesabu zote mbili. Hata ile ya 1979 haikuweka ulezi. Lee mwenyewe, katika kazi nyingine, alikadiria kwamba mwanamke wa Dobe alitembea kama kilomita 2,400 kwa mwaka, na kwamba katika miaka minne ya mwanzo ya mwanawe alimbeba jumla ya kilomita 7,800 hivi. Je, hizo ni saa za kazi au za mapumziko? Siwezi kuziweka katika safu yoyote bila kumdhulumu mtu, lakini kuziacha kabisa ni dhuluma kubwa zaidi.

Kuhusu kalenda nitasema kwa ufupi: mwezi mmoja si mwaka. Julai kokwa zilikuwa hazijaisha karibu na kambi. Kiangazi kinapokaza, miti ya karibu huwa imeshaokotewa na safari hurefuka.

Sasa upande wa pili wa mizani, ambao wanaokosoa saa 15 mara nyingi huusahau. Ukiongeza kuni, maji na kinu kwa mtu wa Dobe, basi muongezee na mfanyakazi wa leo vya kwake. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki, zisizozidi saa tisa kwa siku wala siku sita kwa wiki. Hizo ni saa za mwajiri peke yake. Saa mbili za foleni hazimo, wala kupika, kufua, kufuata maji bomba likikauka, kumpeleka mtoto kliniki. Na huyo ni mwenye mkataba. Mama lishe anayewasha jiko saa kumi usiku ili chapati ziwe tayari mafundi wakifika, na jioni anaosha masufuria kwa taa ya simu, hana sheria inayomhesabia hata saa moja.

Ukiweka 42 za Dobe, nyumbani mkiwemo, dhidi ya 45 za ofisini bila nyumbani, tayari Dobe iko chini kabla hujaongeza chochote. Kwa hiyo jibu langu kwa yule mdadisi ni hili: katika kambi ile, mwezi ule, ndiyo, watu walikuwa na wasaa kuliko wewe. Hawakukuzidi mara tatu kama ulivyosikia, lakini walikuzidi. Na kuna jambo ambalo saa hazilipimi: hakuna aliyewaambia waanze lini. Mwindaji aliyechoka, au aliyeota ndoto mbaya, alikaa. Aliyeletewa wageni, alikaa nao. Mapumziko yao hayakuombwa kwa mtu.

Hapo hapo siwezi kuficha upande wa makaburi. Nancy Howell, aliyehesabu vizazi na vifo katika jamii hiyohiyo, alikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano hakufikisha mwaka, na matarajio ya kuishi tangu kuzaliwa yalikuwa kama miaka 30. Wasaa wa mama aliyezika mtoto si wasaa ninaoweza kumtamania mtu.

Lililobaki ni neno "kale". Watu wa Dobe hawakuwa wa kale. Miezi miwili na ushei kabla Lee hajaanza siku zake 28, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana. Walikuwa majirani wa wafugaji, chini ya serikali ya kikoloni, wakiwa na mgeni mwenye gari na daftari. Walikuwa rika la wazazi na babu zetu. Kuwafanya dirisha la kuchungulia miaka elfu kumi iliyopita ni kuwanyima mwaka wao. Na hata kama dirisha hilo lingefaa kwa wawindaji, lisingetuonyesha mkulima wa jembe la mkono, mtumwa wa shamba la karafuu Pemba, wala mwanamke wa Manchester katika kiwanda cha pamba mwaka 1840. Wote hao nao ni "watu wa zamani", na saa zao hazifanani hata kidogo.

Dodoso langu nimelibadilisha. Lile swali la "jana ulifanya kazi gani" halipo tena. Mdadisi anauliza: "Jana uliamka saa ngapi, na kitu cha kwanza ulichoshika mkononi kilikuwa nini?" Kisha anauliza kilichofuata, na kilichofuata tena, na kama kulikuwa na mtoto mgongoni. Tulirudi kwa yule mama wa kunde na dodoso jipya. Akafikiri kidogo, akasema, "Ndoo." Mdadisi alijaza kurasa mbili kabla hawajafika saa nne asubuhi ya siku ile.